Mkimbiaji Aliyetaka Kiti

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa la mpira, na jambo hilo peke yake lilinitia aibu. Ilikuwa mchana. Sisi wa zamu ya usiku tulilala wakati watu wengine wanafanya kazi, mapazia yamebanwa kwa vibanio vya nguo, kiyoyozi kikitoa maji ndani ya ndoo. Nilikuwa kitanda cha juu nikijiuliza kama timu yetu, iliyopewa nafasi ya kuchagua kwanza, imchukue mkimbiaji au imchukue mtu wa ukuta. Kwenye kitanda cha chini, kikilia kila alipojigeuza, alikuwa mkimbiaji mwenyewe. Naye hakuwa amelala. Mtu aliyelala hajigeuzi kwa uangalifu namna ile, kwanza mwili, kisha mguu mmoja, kisha mguu wa pili ukibebwa kwa mikono miwili.

Nieleze mchezo wenyewe, maana nikiutaja nyumbani Kenya watu hudhani natania. Ni ule mpira wa Kimarekani, unaoshikwa mikononi. Mwalimu mmoja Mmarekani alikuwa akifundisha katika shule ambayo kampuni yetu ilikuwa ikiilinda, na jioni aliwafundisha walinzi. Alipoondoka Dubai aliwaachia mipira mitatu na filimbi. Wakenya na Waganda waliowahi kucheza raga nyumbani waliupokea kama ndugu wa raga aliyekulia mbali. Tulicheza kwenye kiwanja cha mchanga nyuma ya maghala ya Al Qusais, ndege zikishuka juu ya vichwa vyetu kiasi kwamba mtu akipiga kelele wakati ule hasikiki. Hatukuwa na kofia wala mavazi yenye pedi. Tulikuwa na soksi ndefu.

Katika mchezo ule kuna mtu mmoja ambaye kazi yake ni kupewa mpira mkononi na kuambiwa akimbie katikati ya watu wanaotaka kumwangusha. Huyo ndiye mkimbiaji. Mbele yake wako watu wa ukuta, wazito, ambao hawagusi mpira tangu mwanzo hadi mwisho. Kazi yao ni kusukuma wapinzani ili pafunguke mwanya. Watazamaji hushangilia mkimbiaji. Wa ukuta hutambuliwa pale tu wanapokosea.

Kabla ya kila msimu wachezaji wote walirudishwa katika chungu kimoja, na makapteni wakachagua kwa zamu, mmoja mmoja. Timu iliyoshika mkia ilianza. Msimu uliopita tulishika mkia sisi, tena bila mpinzani.

Mimi sikuwa mchezaji. Mwili wangu haukuumbwa kwa kugongana na mtu yeyote. Nilikuwa na shahada ya uchumi kutoka chuo kikuu cha nyumbani, na kapteni wetu aliposikia hivyo aliamua kwamba nitakuwa kichwa cha timu. Nilipanga mbinu, nilitazama video za mechi za Marekani kwenye simu, nikachora mishale kwenye maboksi ya katoni. Kwa sababu hiyo kapteni alinipa kiti.

Hapa ndipo mambo yote yanapofungamana. Makapteni wetu wote walikuwa wasimamizi wa zamu katika kampuni ile ile ya ulinzi. Kila mmoja alikuwa na majengo yake, na ndiye aliyepanga nani asimame wapi. Mlinzi wa lobi husimama zamu nzima. Hakuna kiti kwenye lobi, kwa sababu wenye jengo hawataki mgeni aingie akute mlinzi amekaa. Ukiegemea ukuta, kamera inakuona. Lakini kila msimamizi alikuwa na posti chache za kukaa: meza ya maegesho, kibanda cha geti la magari ya mizigo. Ikawa desturi, ambayo hakuna aliyeitangaza, kwamba mchezaji anayechaguliwa wa kwanza anahamishiwa majengo ya kapteni wake na kupewa kiti mpaka msimu uishe. Wengine walinung'unika, kisha wakafanya mazoezi kwa bidii zaidi.

Kapteni wetu alikuwa na viti viwili. Kibanda cha mizigo nilikuwa nimekikalia mimi. Meza ya maegesho ilikuwa tupu, ikimngoja atakayechaguliwa wa kwanza.

Mganda wa kitanda cha chini alikuwa mkimbiaji bora kuliko wote tuliowahi kuwa nao kwenye mchanga ule. Hata waliomchukia walikubali. Msimu uliopita aliichezea timu ya kapteni mwingine, mtu wa maneno mengi ambaye tulimwita Mheshimiwa kwa sababu alizungumza kama anaomba kura. Mheshimiwa alimpa mpira kila mara. Wakitoka mapumziko, mpira kwake. Wakiwa wamechoka, mpira kwake. Msimu ulipokwisha, kiti kilirudi kwa Mheshimiwa, na Mganda akarudi kusimama kwenye lobi.

Sasa, mtu wa raga ana tabia moja ambayo haimtoki. Katika raga ukiangushwa lazima uachie mpira, na adui wanaweza kuuchukua. Kwa hiyo mchezaji mzuri wa raga hakubali kuanguka. Anashikwa na watu wawili, watatu, naye bado amesimama anasukuma miguu. Katika mchezo wa Kimarekani ukianguka mpira ni wako, mchezo unasimama, mnajipanga upya. Hakuna sababu ya kukataa kuanguka. Mmarekani, alipokuwa bado Dubai, alimpigia kelele hadi sauti ikakauka: lala chini, lala chini! Mganda hakulala. Alibaki wima, amening'iniziwa watu mabegani, na hapo ndipo mtu wa nne alipokuja na bega lake chini, kwenye goti la kulia.

"Kwa nini hukuanguka?" nilimuuliza siku alipohamia chumba chetu, nilipoliona lile goti kwa mara ya kwanza.

"Nikianguka wanachukua mpira."

"Hapa hawachukui."

"Najua, munange. Kichwa kinajua. Mguu ndio haujaambiwa."

Alicheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikakaa nikiliwaza goti lile kwa muda ambao si wa kawaida. Lilikuwa limevimba upande wa ndani. Alipopanda ngazi alipanda kiubavu, mkono kwenye reli, na akisikia mtu anakuja alisimama na kujifanya anasoma simu.

Wiki ile ya kuchagua, kapteni alinipigia simu nikiwa kibandani.

"Kichwa. Nipe jibu. Mkimbiaji ama ukuta?"

"Bado nafikiria, boss."

"Unafikiria tangu Jumatatu. Hata mtihani wa chuo haukuchukua hivyo."

"Ukuta," nikasema. Kisha, "Lakini pia mkimbiaji."

"Wewe ni mtu wa ajabu sana. Watu wanataka Mganda. Mimi nataka Mganda. Nipe sababu moja ya kumwacha."

Sababu nilikuwa nazo, na zilikuwa za mpira kabisa. Mkimbiaji ni mzuri kadiri ya ukuta ulio mbele yake. Mweke nyuma ya watu wepesi na utamwona akipigwa kabla hajanyanyua mguu wa pili. Mkimbiaji pia huchakaa mapema kuliko mchezaji mwingine yeyote, kwa sababu yeye ndiye anayegongwa kila mara, ashinde asishinde. Tena wakimbiaji wazuri kiasi hawakosekani hata mwishoni mwa uchaguzi: kijana yeyote mwenye mbio atafaa ukimfungulia mwanya. Lakini mtu wa ukuta wa kweli ni nadra. Tulikuwa na mmoja tu, jamaa wa Bungoma mwenye shingo pana kama kichwa chake, mpole, ambaye akisimama mahali mnalazimika kupita kwingine. Huyo nilitaka. Nilimweleza kapteni yote hayo, mpaka lori likapiga honi getini na nikakata simu.

Nilipofungua geti na kulifunga nilijua kwamba nimesema kweli na nimeficha jambo. Hilo ndilo lililonitesa. Je, niliamini ukuta kwanza kwa sababu ni sahihi, au niliipenda hoja hiyo kwa sababu nimeliona goti? Na kama nimeliona goti, mbona silitaji? Na nikilitaja, je, ni kwa faida yake au kwa faida ya timu? Nilifika nyumbani asubuhi nikiwa nimejihoji mpaka sikujua tena nimeanzia wapi. Hivyo ndivyo nilivyo. Naweza kusimama mbele ya friji ya duka nikichagua maziwa mpaka mwenye duka aniulize kama nimepotea.

Mganda alikuwa na mawazo machache na yaliyo wazi. Aliniambia siku ya ofu yetu, tukielekea Al Muraqqabat kutafuta duka la dawa. Hakutaka kwenda kliniki. Kadi ya bima ilikuwa ya kampuni, na tuliamini kwamba unachopimwa kwa kadi ile ofisi itakijua. Leseni yake ya ulinzi ilikuwa inakaribia kuhuishwa, na kuna kupimwa afya na kukimbia. Akishindwa, hana leseni. Asiye na leseni hana kazi, na asiye na kazi anarudi kwao.

"Ongea na kapteni wako anichague wa kwanza," alisema tukiwa tumesimama ndani ya metro. Kulikuwa na nafasi ya kukaa, lakini akikaa alipata shida ya kuinuka.

"Ukichaguliwa wa kwanza utapewa mpira kila mara."

"Nipewe. Mechi ni saa moja kwa wiki. Lobi ni siku sita. Piga hesabu, wewe ndiye msomi."

"Goti halipigi hesabu hivyo."

"Basi lipigie wewe. Kiti ninakitaka, ssebo. Nikipata kiti litapona lenyewe. Nikisimama pale tena mpaka Ramadhani, litakwisha bila hata kuguswa na mtu."

Nilitazama nje ya dirisha. Alikuwa sahihi. Nilitaka kumwambia kwamba amekosea na sikupata pa kuanzia. Ili aweze kukaa, ilimlazimu akimbie. Niliigeuza sentensi hiyo kila upande na haikubadilika.

Mwenye duka la dawa alikuwa Mhindi wa makamo, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Alimwambia Mganda akunje suruali, akambonyeza goti kwa vidole gumba viwili, akalitikisa kidogo upande kwa upande. Mganda alishika kaunta. Uso wake ukawa wa kijivu.

"Hii si ya bendeji," mwenye duka alisema kwa Kiingereza chake cha haraka. "Hii ni ya daktari, ya picha. Ndani kumechanika. Khalas, basi, hakuna kukimbia."

"Nipe bendeji," Mganda alisema.

"Ninakwambia daktari."

"Na mimi ninakwambia bendeji, rafiki yangu. Ile ngumu, yenye vyuma."

Alimpa. Tulipotoka, Mganda alisimama kivulini mwa duka la mabegi, akajifunga bendeji juu ya suruali, akatembea hatua chache mbele yangu, akageuka kama mtu anayejaribu viatu.

"Unaona? Mpya."

"Aliniambia mimi pia, si wewe peke yako. Alisema kumechanika."

"Wewe hukusikia chochote." Sauti yake haikupanda. "Umesikia? Hukusikia chochote. Wewe unakaa kwenye kibanda chako na feni yako na chai yako. Usinifanyie huruma ya kibanda."

Neno lile, huruma ya kibanda, lilikaa nami.

Kuanzia siku hiyo nilihesabu njia zilizokuwepo, na kila njia ilikuwa mbaya. Kapteni akimchagua Mganda wa kwanza, atapata meza ya maegesho, na atakimbizwa kila wiki hadi goti liachie mbele ya watu, na hapo hakuna bendeji itakayolificha. Kapteni akimchagua jamaa wa Bungoma, Mheshimiwa atamchukua Mganda papo hapo. Alikuwa ameshajigamba kwenye kikundi chetu cha simu kwamba akimpata tena atampa mpira mpaka mpira wenyewe uombe likizo. Nikimnong'oneza kapteni peke yake kuhusu goti, atamwacha, na Mheshimiwa asiyejua atamchukua. Nikisema hadharani, hakuna atakayemchukua, na atabaki kwenye lobi, na wasimamizi wote watajua habari za goti lake wiki chache kabla ya leseni.

Nilijaribu kumwomba ajiondoe mwenyewe. Alikuwa akipiga pasi shati la kazi.

"Nikijiondoa nitakaa wapi?"

"Chukua kibanda changu."

Alicheka, akiendelea kupiga pasi. "Kwani ni chako? Ni cha kapteni. Atampa kiti mtu asiyecheza? Wewe mwenyewe hukipati kama si hiyo mishale yako." Akaligeuza shati. "Wewe lala, msomi. Macho yako yamekuwa kama ya samaki wa juzi."

Sikulala. Nilifikiria jinsi wasimamizi wanavyochukia kumripoti mlinzi, kwa sababu nafasi yake hukaa wazi na wao ndio hulazimika kuiziba, na kwamba huenda wakanyamaza. Nilifikiria kwamba huenda wasinyamaze. Nilifikiria goti likiachia kwenye mchanga, sauti yake. Sijui kama magoti hutoa sauti. Nilitafuta kwenye simu, nikasoma, nikajuta kusoma.

Siku ya kuchagua tulikutana kwenye maegesho ya chini ya jengo letu, alasiri, kabla ya basi la zamu. Wachezaji walikaa kwenye vizuizi vya saruji na makapteni wakasimama katikati. Mheshimiwa alikuwa amevaa miwani ya jua chini ya paa.

"Mabibi na mabwana," alianza.

"Mabibi wako wapi?" mtu akauliza.

"Nimewaheshimu kabla hawajafika. Yalla, wa mkiani waanze. Kapteni wa mkia, tuambie. Umeleta msomi wako? Ametuletea mishale mipya?"

Watu wakacheka. Kapteni wetu hakucheka. Alinisogelea, akaongea chini chini, "Mganda, sawa? Sitaki kusikia ukuta."

Mganda alikuwa amekaa kwenye kizuizi cha mbali, mguu wa kulia ameunyoosha kama mtu anayepumzika tu. Alinitazama, akatikisa kichwa kidogo sana: usithubutu.

Nilikuwa nimekuja bila uamuzi. Ninalisema hili kwa sababu baadaye watu walidhani nilikuwa nimepanga. Nilikuwa na maneno ya aina mbili mdomoni, na hata kapteni alipofungua kinywa chake sikujua ni yapi yatakayotoka.

"Tunamchukua—" kapteni alianza.

"Goti la Mganda limechanika," nikasema. Nilisema kwa sauti, ili wote wasikie. "La kulia. Ndani. Mtu yeyote asimchukue kwa ajili ya kukimbia. Mkimpa mpira mtamvunja."

Ndege ilipita. Tulingoja kelele yake iishe.

"Mwongo," Mganda alisema. Alikuwa ameshasimama. "Anataka mtu wake wa Bungoma. Amekuwa akimtaka tangu mwanzo, muulizeni kapteni wake."

Kapteni alinitazama. Ilikuwa kweli kwamba nimemtaka. Niliona anavyopima: huyu kijana ananichezea?

Mheshimiwa akavua miwani. Sauti yake ya kuomba kura ikapotea. "Ni jambo rahisi hili," alisema. "Ndugu, chuchumaa. Chuchumaa tu, uinuke. Halafu mimi ninakuchukua sasa hivi na huyu msomi tunamtupa nje."

Mganda alimtazama, akatutazama sote. Kisha akaanza kushuka. Alishuka vizuri, polepole, mikono mbele, na nusu ya njia mguu wa kulia ukaanza kutetemeka, si sana, kama kamba iliyoguswa. Akaendelea. Hakuna aliyemwambia aache. Alifika chini akakaa pale, jasho likimtoka kwenye paji la uso, na alipojaribu kuinuka goti likaenda upande ambao goti haliendi, naye akaanguka ubavu, kiganja kwenye saruji.

Jamaa wa Bungoma ndiye aliyemwinua. Alimshika chini ya makwapa kama mtoto, akamsimamisha, akampangusa vumbi mgongoni. Mganda hakuupinga mkono ule. Alikuwa ananitazama mimi.

"Khalas," Mheshimiwa alisema taratibu. "Mimi sikuona kitu. Ofisi isiniulize kitu." Na makapteni wengine wakaguna kwamba wao pia hawakuona kitu. Nilifurahi kusikia, kisha nikaanza kujiuliza ahadi ile itadumu mpaka lini.

Kapteni akamchukua jamaa wa Bungoma. Mheshimiwa akachukua kijana wa mbio ambaye hakuna aliyemjua. Majina yaliendelea, watu wakaanza kutaniana tena, kwanza kwa woga. Jina la Mganda halikutajwa. Lilipita raundi baada ya raundi, na yeye alikuwa amekaa pale pale, hakuondoka. Nadhani angeondoka angelazimika kutembea mbele yetu.

Ilipofika zamu ya mwisho, kapteni wetu alikuwa amebakiwa na nafasi ya mchezaji wa akiba. Nilimshika kiwiko.

"Mchukue yeye."

"Wewe si umesema—"

"Mchukue asicheze. Umhamishie kwako, umpe kibanda cha mizigo."

"Kibanda una wewe."

"Niweke lobi."

Alinitazama. Si kwa heshima. Kwa namna mtu anavyomtazama mwenzake aliyekataa nyongeza ya nyama. "Unajua lobi wewe? Umewahi kusimama hata usiku mmoja? Mambo yako ya mishale utayafanyia wapi?"

"Sitachora tena."

"Kichwa, mimi sitakurudishia hicho kiti msimu ukiisha. Kibanda si meza ya maegesho; akishakaa mtu, ni posti yake. Na goti lake huenda lisipone hata akikaa mwaka."

"Najua."

Nilijua. Mwenye duka la dawa hakusema litapona. Ila katika zile siku zote za kuwaza, kila nilichopima kilikuwa cha mtu mwingine: goti lake, nafasi ya kapteni, majigambo ya Mheshimiwa. Nilikuwa nimemwambia chukua kibanda changu akiwa anapiga pasi, na aliponicheka nilishusha pumzi. Nilikumbuka ile pumzi. Sikutaka kuishi nayo msimu mzima nikiwa nimekaa.

Kapteni akalitaja jina la Mganda kwa sauti. Watu wachache walipiga makofi, wakaacha.

"Sikukuomba," Mganda aliniambia tulipokuwa tunangoja basi. Hakugeuza uso. "Umenichuchumaza mbele za watu."

"Ndiyo."

"Kiti nitakaa. Usidhani nitakataa kiti. Lakini usiniite ndugu tena."

Alipanda basi kabla yangu, kwa ubavu, na safari hii hakujificha. Alikaa mbele karibu na dereva. Mimi nilikaa nyuma. Sehemu fulani ya akili yangu ilikuwa tayari imeanza kuuliza kama ningesubiri siku moja zaidi, kama ningemwambia kwanza asubuhi ile, kama kulikuwa na maneno mengine. Niliiacha iulize.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo kapteni alinirushia koti la lobi. Mikono ilikuwa mifupi. Niliweka funguo za kibanda mezani, Mganda akazichukua na akatokea mlango wa mizigo. Mimi nilitokea mlango wa mbele. Mlinzi wa mchana alinionyesha mahali pa kusimama, hatua moja kutoka kwenye kioo, ambapo kamera inakuona mzima, akanitakia kazi njema na kuondoka akinyoosha mgongo.

Jua lilikuwa bado juu ya barabara. Madam mmoja alishuka kwenye gari na mifuko mikononi, akaja moja kwa moja kama vile mlango ungejifungua. Nikaufungua.